SOMO LA VIJANA: Kupanda ngazi moja moja

Mafungu ya kusoma nyumbani kabla ya kikao: 1 Wakorintho 9:24-27, 2 Timotheo 2:5, Mathayo 25:14-30.



Mara nyingi katika gazeti letu hili tumesoma masomo juu ya maombi, ndoa, na kwaya. Leo tunataka kujifunza juu ya uwanja wa mpira. Wengine watauliza, uwanja una shughuli gani na kanisa? Jibu ni rahisi. Jumapili watoto wako nasi masaa matatu. Siku nyingine sita, saa kumi jioni, wako uwanjani. Kama kanisa halifiki uwanjani, tunawaachia watu wengine wawafundishe.

Mtume Paulo alijua michezo. Aliwaandikia Wakorintho, na karibu na mji wao yalifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili. Walijua mkimbiaji anajinyima nini ili apate taji la majani ambalo baada ya siku chache limekauka. Kwa hiyo tukisema juu ya mazoezi na zawadi, hatusemi neno geni katika kanisa.

1. KOSA LANGU MWENYEWE

Naanza na ushuhuda ambao si wa kujisifu. Nilipopewa kazi ya kuangalia michezo ya vijana, niliona njia moja tu ya kuwatia moyo: mashindano na zawadi. Kila Jumamosi tulikimbia kuzunguka uwanja, na wa kwanza alipata soda. Mwisho wa mwezi, mshindi alipata jezi.

Wiki ya kwanza walikuja watoto wengi, hata wadogo waliobebwa na dada zao. Baada ya miezi miwili walibaki wachache. Niliwalaumu kwamba ni wavivu. Kumbe hesabu yao ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kila mtu alikwisha kujua nani atashinda. Ni wale wavulana watatu, siku zote ni wale watatu. Mtoto aliyejua kwamba hata akijitahidi namna gani hatapata kitu, kwa nini aje kuchoka juani?

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Jumamosi moja kijana mmoja wa miaka kumi na miwili alikuja na homa. Hakusema. Alitaka soda. Alikimbia mizunguko mitatu, wa nne akaanguka. Tulimbeba mpaka kituo cha afya, wakampima, wakakuta malaria. Mungu alimponya. Lakini mama yake aliniuliza swali ambalo mpaka leo linanihukumu: "Mwalimu, ulimuuliza kama amekula?" Sikumwuliza. Wala sikumwuliza mwingine yeyote. Nilikuwa naangalia saa tu.

Tangu siku hiyo nilianza kutafuta njia nyingine. Somo hili ni matunda yake.

2. ZAWADI INAWEZA KUJENGA, INAWEZA KUBOMOA

Watu wenye elimu walikwisha kuchunguza jambo hili. Mwaka 1973 huko Marekani, wachunguzi Lepper, Greene na Nisbett walikwenda kwenye shule ya watoto wadogo. Walichagua watoto waliopenda kuchora. Kundi la kwanza waliambiwa mapema: ukichora, utapata cheti kizuri chenye utepe. Kundi la pili walichora, wakapewa cheti bila kuambiwa mapema. Kundi la tatu hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili waliwaangalia tena wakati wa kucheza huru. Wale walioahidiwa cheti mapema walitumia karibu nusu tu ya muda wa kuchora ukilinganisha na wenzao. Kabla walichora kwa furaha. Sasa walijifunza kwamba kuchora ni kazi ya kulipwa, na malipo yakikoma, kazi imekoma.

Mwaka 1999 wachunguzi wengine, Deci, Koestner na Ryan, waliweka pamoja majaribio 128 ya namna hiyo. Waliona kwamba zawadi ya kushikika, iliyoahidiwa mapema, mara nyingi inapunguza hamu ya mtu kwa kazi aliyoipenda. Lakini neno la kumsifu mtu kwa kweli, kumwonyesha alichofanya vizuri, halikuwa na hasara hiyo, mara nyingi liliongeza hamu. Soda yangu ilifanya kazi ile ile ya cheti.

Serikali ya Marekani nayo ilipitia shida kama yangu. Kuanzia mwaka 1966 wanafunzi walipewa tuzo ya Rais kwa mazoezi ya mwili. Ili kuipata, mtoto alitakiwa awe kati ya wale 15 bora katika kila watoto 100, tena katika vipimo vyote. Wengi hawakuwa na tumaini. Baadaye wakaongeza tuzo nyingine za chini yake. Mwaka 2012 walitangaza kuuacha mpango ule na kuleta mwingine unaopima afya ya mtoto mwenyewe bila kumshindanisha na mwenzake. Mwaka 2025 Rais Trump alitia sahihi agizo la kuurudisha ule wa zamani. Mnaona basi kwamba hata kwa wakubwa mabishano hayajaisha.

Vipi kuhusu adhabu? Wako makocha wanaoamini fimbo. Ndugu yetu Popole Misenga, mchezaji wa judo aliyezaliwa Bukavu, ameeleza kwa waandishi wa habari kwamba alipokuwa akishindwa kule nyumbani, alifungiwa na kupewa chakula kidogo. Mwaka 2013 alipelekwa Brazil kwenye mashindano ya dunia, akabaki huko akaomba hifadhi. Mwaka 2016 alirudi ulingoni katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, Rio de Janeiro, akashinda pambano lake la kwanza. Fimbo haikumzuia kukimbia. Ilimkimbiza tu aende mbali nayo.

3. NGAZI ZINAFANYAJE KAZI

Wachezaji wa judo wanafunga mikanda ya rangi: nyeupe, njano, na kuendelea hadi nyeusi. Jigoro Kano alianzisha judo huko Japani mwaka 1882. Rangi nyingi za katikati zilienea Ulaya, hasa Ufaransa, miaka ya 1930, kupitia mwalimu Mikinosuke Kawaishi. Sababu yake inaeleweka. Kutoka mkanda mweupe mpaka mweusi ni miaka mingi, na mwanafunzi anakata tamaa njiani. Ukimwekea vituo katikati, kila baada ya miezi michache anaona kwamba amesogea.

Huo ndio msingi wa ngazi. Mtoto hashindani na mwenzake, anashindana na ngazi iliyo mbele yake. Watoto ishirini wanaweza kupanda ngazi moja siku moja, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake kitu.

Someni tena mfano wa talanta. Mtumishi wa talanta tano alileta tano nyingine. Yule wa talanta mbili alileta mbili tu. Lakini angalieni maneno ya bwana wao. Alimsifu wa pili kwa maneno yale yale aliyomsifu wa kwanza. Hakumwambia, "Mbona mwenzako ameleta tano?" Alimpima kwa kile alichopewa. Yule aliyekemewa ni mmoja tu, aliyechimba shimo akafukia.

4. KIPIMO TUNACHOTUMIA

Tunahitaji kipimo ambacho hakidai pesa. Mwaka 1982 Luc Léger na mwenzake Lambert wa Montréal, Kanada, walitoa kipimo cha kukimbia kwenda na kurudi mita 20. Leo kinatumika duniani pote, mashuleni na kwenye timu za mpira.

Kinafanyika hivi. Pima mita 20, weka mawe au chupa pande zote mbili. Sauti inalia, watoto wanakimbia kufika upande wa pili kabla haijalia tena. Dakika ya kwanza mwendo ni kilomita 8.5 kwa saa, ni mwendo mdogo, hata mama mwenye mtoto mgongoni anaujua. Kila dakika mwendo unaongezeka nusu kilomita. Dakika ya kwanza ni safari 7 za mita 20. Dakika ya nane ni safari 10. Mtoto akichelewa kufika mara mbili mfululizo, anatoka, na tunaandika dakika aliyofikia.

Sauti ya kipimo hiki vijana wanaipitisha kwenye simu. Kama hakuna simu, kiongozi mwenye saa na filimbi anaweza kupiga kila sekunde 8 na nusu katika dakika ya kwanza, kila sekunde 8 katika dakika ya pili, na kuendelea kupunguza kidogo kidogo mpaka kila sekunde 6 katika dakika ya nane. Zoezeni kwanza peke yenu.

Uzuri wake ni huu: wote wanaanza pamoja, polepole. Hakuna mtoto anayeachwa nyuma mita hamsini huku watu wakicheka. Mnyonge anatoka mapema akiwa amesimama kwa miguu yake, mwenye pumzi anaendelea.

Ngazi zetu kwa watoto wa miaka 10 hadi 16 ni tano:

Utepe mweupe: dakika 2 kamili (karibu mita 290).
Utepe wa njano: dakika 3.
Utepe wa kijani: dakika 4.
Utepe wa buluu: dakika 6.
Utepe mwekundu: dakika 8 (karibu mita 1,370).

Tepe zenyewe mama zetu wa ushirika wanazikata kutoka kwa mabaki ya vitenge na vitambaa kwa fundi cherehani. Mtoto anafunga mkononi siku ya mazoezi.

Ngazi ya kwanza iwe chini kabisa, na msiione haya. Karibu kila mtoto mzima aifikie katika wiki za kwanza. Mtoto akionja kupanda mara moja, atatafuta kupanda tena. Ukimwekea ngazi ya kwanza juu ya kichwa chake, ataondoka akisema michezo si ya watu kama yeye, na maneno hayo ataishi nayo. Daudi alipovikwa silaha za Sauli hakuweza hata kutembea. Silaha zilikuwa nzuri, hazikuwa zake.

Na vipi kuhusu yule ambaye hata akijitahidi mwaka mzima hatafika buluu? Wako watoto wenye mguu uliovunjika zamani, wenye pumu, wenye mwili mzito. Kwa hao tuna uzi. Siku ya kwanza tunaandika alipofikia. Kila akiongeza nusu dakika juu ya kipimo chake mwenyewe, anashonewa uzi mmoja kwenye utepe wake. Kuna binti mmoja kwetu ana utepe mweupe tu, lakini una nyuzi tatu. Wale wavulana wa mwekundu wanamheshimu, kwa sababu wanajua gharama yake.

5. ZAWADI GANI TUTOE

Zawadi ya kwanza ni jina lake. Jumamosi ya kupima, kiongozi amwite mtoto kwa jina lake kamili, aseme alipokuwa na alipofika: "Mwezi uliopita dakika mbili na nusu, leo dakika tatu." Msiseme tu "umefanya vizuri". Hapa kambini mtoto amezoea kuwa namba kwenye karatasi. Kusikia jina lake mbele ya watu kwa jambo jema ni zawadi ambayo hainunuliwi dukani.

Zawadi ya pili ni kazi. Mwenye kijani anapanga mawe na kuchota maji. Mwenye buluu anafundisha watoto watano wadogo. Mwenye mwekundu anashika filimbi pamoja na kiongozi. Hivyo aliyepanda juu harudi nyumbani kujivuna, anageuka kuwavuta wengine. Na watoto wanaona kwamba ukubwa ni kutumika, kama Bwana wetu alivyofundisha alipowaosha miguu wanafunzi wake.

Sasa vitu tusivyotoa. Tusitoe pesa. Tusitoe chakula kwa kushindania. Jambo hili naomba mlishike sana. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula hapa Uganda umegawanywa kwa makundi, na familia nyingi zinapata kidogo au hazipati kabisa. Mtoto mwenye njaa ukimwambia biskuti ni ya anayeshinda, humtii moyo, unamjaribu. Atakimbia akiwa mgonjwa. Atadanganya umri. Kama kuna chakula, uji au ndizi, kila mtoto apate, aliyepanda na asiyepanda, na apate kabla ya kukimbia ikiwezekana.

6. ULINZI WA WATOTO

Kabla ya kila kipimo kiongozi aulize maswali matatu, kwa kila mtoto, si kwa kundi: Umekula leo? Unaumwa? Umekunywa maji? Asiyekula au mwenye homa hapimwi siku hiyo. Atapimwa Jumamosi nyingine, na hapotezi kitu.

Watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita SS, wasifanye kipimo hiki bila ruhusa ya mganga. Kukimbia mpaka mwisho wa pumzi na kukosa maji kunaweza kuwaletea maumivu makali. Wao wanaweza kushika saa, kuandika daftari, kupiga filimbi. Wenye pumu nao waulizwe kwanza.

Pimeni mara moja kwa wiki nne, si kila wiki. Mwili unahitaji muda wa kujengeka. Katikati fanyeni michezo ya kawaida: mpira, kuruka kamba, kukimbia na kutembea kwa zamu. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha kwa kuanzia. Jioni ni bora kuliko mchana.

Mabinti wawe na mama mmoja au dada mkubwa uwanjani kila siku. Wasikimbizwe kwa nguvu siku wanazosema hawako sawa, wala wasiulizwe sababu mbele ya wavulana. Wazazi wengi wanakataza binti zao kwa sababu hawajui nani anawaangalia. Tuwape jibu, watawaruhusu.

7. KWA WAZAZI NA KWA VIJANA

Baba, Mama, msiseme mchezo ni kupoteza wakati. Pia msiseme mtoto wako lazima awe bingwa atuokoe na umaskini. Maneno yote mawili yanamwua mtoto moyo. Timu ya wakimbizi ya Olimpiki ya mwaka 2016 ilikuwa na watu 10, watano kati yao vijana wa Sudan Kusini waliokuwa wametoka kambi ya Kakuma, Kenya, wakafundishwa Ngong chini ya Tegla Loroupe. Hakuna aliyepata medali. Mashindano ya Tokyo yaliyofanyika 2021, walikuwa 29, bado hakuna medali. Paris 2024, walikuwa 37, na Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun, akapata shaba katika ngumi, ya kwanza kwa timu hiyo. Hiyo nayo ni ngazi, na waliotangulia bila medali ndio waliofungua mlango.

Vijana, sikieni. Utepe si wokovu. Zaburi ya 147 inatuambia kwamba furaha ya Mungu haiko katika miguu ya mtu yenye nguvu, iko kwa wanaomcha. Ukipata mwekundu, Mungu hakupendi zaidi ya jana. Ukibaki mweupe, hakupendi kidogo. Lakini ukijifunza kurudi uwanjani Jumamosi baada ya Jumamosi, ukiongeza nusu dakika, ukikubali sheria za mchezo hata pale filimbi inapokuhukumu, unajifunza jambo litakalokusaidia shuleni, kazini, na katika maombi. Mwili unafundishwa uvumilivu, na roho inasikiliza.

Yule kijana aliyeanguka kwa malaria yuko nasi bado. Ana utepe wa buluu. Jumamosi anafundisha watoto watano, na mimi nasimama pembeni nikimsikia akiwauliza mmoja mmoja: "Umekula leo?"

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mfano wa talanta, kwa nini bwana aliwasifu watumishi wawili kwa maneno yale yale?
2. Zawadi gani katika kanisa letu, kwenye kwaya, shule ya Jumapili au michezo, wanapata watu wale wale kila mara? Tufanye nini?
3. Ni mtoto gani katika zoni yenu aliacha kuja uwanjani? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?
4. Wazazi: mara ya mwisho ulimsifu mtoto wako kwa jambo gani hasa? Litaje.

SALA

Baba yetu, tunakushukuru kwa miguu ya watoto wetu, ile iliyotembea njia ndefu mpaka kufika hapa. Uwalinde wanapokimbia. Utusamehe viongozi tulipoangalia saa tukasahau mtoto. Utupe macho ya kuona hatua ndogo ya kila mmoja na kinywa cha kuisema. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.